Kiti cha Mwaitu

Jumamosi, 2 Novemba 2024

Nimerudi kutoka maduka ya Luthuli, kichwa kinagonga. Sijanunua. Nashukuru sijanunua.

Yule kijana wa duka alinichezea jozi mbili za spika, hii kisha ile, na kila alipohamia ile ya bei kali mkono wake ulikuwa unapandisha sauti. Kidogo tu. Niliuona. Sikio halihitaji zaidi ya hapo: kinachosikika kwa nguvu kidogo zaidi, sikio linakiita kizuri. Nikamwomba asawazishe. "Mzee, hiyo wufa nyingine haina nguvu, ndiyo maana." Kila kitu kwao ni wufa. Nikanyamaza.

Na mimi nina kosa langu. Niliabiri ile matatu ya asubuhi yenye spika chini ya viti. Kyumvi, Athi River, foleni ya Mlolongo, besi inanipiga mgongoni njia nzima. Nilipofika Luthuli masikio yalikuwa yamekufa ganzi, na yakichoka hivyo zile sauti za juu ndizo zinazotangulia kupotea. Basi hata nilichokisikia leo sikiamini.

Dukani sichagui tena. Lazima zije hapa, zilie chini ya mabati haya, mbele ya vigae hivi.

Jumapili, 3 Novemba

Baada ya kanisa nimepima sebule. Upana, kutoka ukuta wa barabarani hadi ukuta wa dirisha la mwaitu, mama yangu: mita 4.2. Urefu 5.5. Nikapiga makofi katikati. Trrrrr. Sauti inakimbia kati ya kuta mbili kama mtoto aliyefungiwa ndani. Vigae chini, vioo, kuta zilizopigwa plasta laini, hakuna kitu cha kuimeza. Nimeondoa meza ya kioo. Nimetandika zulia la makonge lililokuwa limekunjwa stoo tangu tuhamie, na blanketi mbili nzito nimezitundika nyuma ya mlango. Nikapiga makofi tena. Afadhali. Imebaki kidogo pembeni kwenye kabati la vyombo.

Mama Watoto amesimama mlangoni akanitazama muda mrefu. "Hizo blanketi ni za wageni." Nimemwambia ni za wiki mbili.

Daktari anayeuza spika zake amepiga simu. Zake naweza kukaa nazo mpaka siku atakaposafiri. Jozi nzima, bila kulipa kwanza. Mungu ambariki.

Jumanne, 5 Novemba, usiku

Zimefika. Wharfedale Linton. Kilo 18 na ushee kila moja, tulizibeba wawili. Nimezipangusa vumbi mwenyewe kwa kitambaa kikavu. Mbao yake ina rangi ya chai ya rangi iliyokolea, na ukipitisha kidole unahisi nyuzi za mti. Ukivua ule wavu wa mbele unakuta koni tatu: ya chini inchi 8, nyeusi, imefumwa kama kikapu, ya kati, na twita kama kitufe cha hariri. Nyuma matundu mawili ya kupumulia.

Nimeunga na amplifaya yangu, NAD 3020, wati 20 tu kila upande. Mfano huu ulianza kuuzwa mwaka 1978, na huu wangu bado unapiga kazi kuliko vijana wengi. Linton hazina ulafi: wati moja, mita moja, zinatoa desibeli 90.

Santuri ya kwanza sikuhitaji kufikiri. Kilimambogo Brothers, ile ndogo ya mizunguko 45. Nimekaa katikati ya chumba, macho nimefumba. Gita la juu likaingia, jepesi, kila uzi peke yake. Sauti ya Kakai Kilonzo, mwimbaji wao, ikasimama. Ngoma ikaanza kutembea.

Besi hakuna.

Si kwamba haipo kabisa. Noti za kati nazisikia. Lakini ile nzito ya chini, ile inayoitikia gita, ile ambayo kwenye radiogramu ya mjomba kule Mumbuni ilikuwa inatufikia uani kabla ya maneno, inapofika zamu yake inazama. Kama mtu aliyekanyaga ngazi ambayo haipo. Nimebadilisha santuri, yale yale. Nimekagua waya, nyekundu na nyekundu, nyeusi na nyeusi. Yale yale.

Koni ya inchi 8! Nimelala na uchungu.

Alhamisi, 7 Novemba

Kijana mmoja wa Syokimau ameleta spika zake mwenyewe na gari lake. KEF LS50 Meta. Amenionyesha namna ya kuzishika, kwa viganja, vidole visikaribie koni. Atazifuata wiki ijayo, anauza kwa sababu ya karo.

Ndogo! Mama Watoto amefurahi. "Hizi ndizo. Hizi zitakaa rafuni." Nimemweleza kwamba rafuni haziwezi kukaa, zinataka nafasi nyuma yake. Furaha ikapungua.

Twita imekaa katikati kabisa ya koni, jicho ndani ya jicho. KEF walianza ufundi huo mwaka 1988, ili sauti ya juu na ya chini zitoke tundu moja kama zinavyotoka kinywani. Nimezichezea santuri ile ile, nimekaa pale pale. Santuri hii ni ya mono: kushoto na kulia zinapokea kitu kimoja, kwa hiyo mwimbaji anapaswa kusimama katikati, kwenye hewa tupu, asiegemee upande. Kwa Linton alikuwa anasimama katikati, ndiyo, ila kama mtu aliyevaa koti kubwa. Kwa hizi nimemwona. Naweza kuweka kidole: hapa ndipo mdomo ulipo.

Besi hamna pia, lakini hizi siwezi kuzilaumu. Koni ya inchi tano na robo itatoa wapi?

Bei: zinanipa desibeli 85 kwa wati ile ile moja. Tofauti ya tano. Maana yake ili zifikie sauti ya Linton zinakula nguvu mara tatu na zaidi, na mimi nina wati 20. Ila hapa kwangu sipigi disko. Saa mbili usiku, sauti ya mtu anayezungumza. Zinatosha.

Jambo moja limenikaa moyoni. Aliyeanzisha Wharfedale, Gilbert Briggs, alianza mwaka 1932 akisokota spika yake ya kwanza kwenye chumba cha chini cha nyumba yake kule Ilkley, Uingereza. Raymond Cooke alifanya kazi kwa Briggs huyo huyo kabla ya kwenda kuanzisha KEF mwaka 1961, ndani ya banda la mabati lililojikunja kama pipa lililopasuliwa. Mwalimu na mwanafunzi wamekaa sebuleni kwangu, na mimi ndiye wa kuwaamulia.

Ijumaa, 8 Novemba

Mvua. Mabati yamenguruma kuanzia saa kumi na moja, hata mazungumzo tumeyaacha. Hakuna kusikiliza. Mahindi ya mwaitu yatashukuru. Stima ikapotea saa moja.

Jumamosi, 9 Novemba

Leo nimefanya alichofanya Briggs. Yeye mwaka 1954 alikodi Royal Festival Hall, London, akaweka wanamuziki jukwaani na spika zake kando, watu wakasikiliza hai kisha iliyorekodiwa, kisha hai tena. Sina ukumbi. Nina mwaitu.

Asubuhi alikuwa uani, kwenye kigoda, anachambua mbaazi. Nimeweka kirekodi juu ya ndoo, hatua mbili mbele yake, nje kabisa pasipo na kuta za kurudisha sauti. Hakuwa anajua ni lini nimekiwasha. Akazungumza kama anavyozungumza siku zote: na mbaazi, na kuku, na marehemu dada yake, na mimi kidogo. Kisha akamwita mjukuu alete ungo. Mara mbili, ile ya pili ikiwa imevutwa mwishoni.

Adhuhuri mwaitu akiwa shambani nimeicheza kwenye KEF. Nimepima kwa simu ili iwe kiasi kile kile alichozungumza. Nimefumba macho. Mbaazi zikaanza kudondoka kwenye sufuria, kavu, moja moja. Pumzi yake kabla ya neno. Ile mikwaruzo ya koo aliyo nayo tangu homa ya mwezi wa saba. Akaita.

"Nakuja, susu!"

Mtoto amekuja mbio na ungo kutoka jikoni. Akasimama kwenye zulia. Akatazama pale pale, katikati ya spika mbili, kwenye hewa. Akanitazama mimi. "Susu yuko wapi?"

Moyo wangu ulikuwa unadunda. Nimemwambia aende, hayuko.

Baadaye Linton. Mtoto hawezi kunisaidia tena, ameshajua, kwa hiyo ni masikio yangu peke yake. Ni mwaitu, siwezi kukana. Ila kifua kimeongezwa kidogo, kama anazungumza akiwa kisimani. Nimezivuta mbele kutoka ukutani, sentimita 30, kisha 60. Kifua kikapungua. Hakikuisha.

Jumapili, 10 Novemba

Nimeamua. Ndogo.

Nimemwandikia kijana wa Syokimau ujumbe, nikaupitia mara tatu. Sijautuma kwa sababu ni Jumapili na mambo ya pesa hatuandikiani Jumapili. Akiba ya Sacco inatosha, na inabaki ya mbolea.

Mama Watoto: "Basi hizo kubwa zirudi kesho tupate pa kupita."

Kwa nini basi sina amani? Nimerudi sebuleni usiku nikaziangalia zile kubwa gizani. Kitu kilichoundwa hivyo hakiwezi kukosa besi. Kuna kitu sikielewi, na kumrudishia mtu kitu ambacho sijakielewa ni kumkosea.

Jumanne, 12 Novemba, usiku sana

Siwezi kulala, acha niandike.

Daktari anazifuata Alhamisi. Nikasema nizisikilize mara ya mwisho, kwa heshima. Nikaziunga. Kilimambogo ile ile. Mimi kwenye kiti changu, katikati. Mwaitu kwenye chake, nyuma yangu, mgongo umegusa ukuta wa dirisha. Pale ndipo jua la asubuhi linapompata, hapo ndipo amekaa miaka yote tangu aje kuishi nasi. Hakuwa anasikiliza, nilifikiri. Zile sauti za juu kwake zimeshakwenda, hata simu ikilia haisikii.

Wimbo umefika pale gita linapouliza, besi inajibu, kwangu ikazama kama kawaida. Na nyuma yangu mwaitu akasema, kwa Kikamba, polepole: kiti kinatikisika.

Nikageuka. Kiganja chake kilikuwa kwenye mkono wa kiti, kimetulia, na kidole cha shahada kinapiga. Kinapiga besi. Ile ile ninayoitafuta wiki nzima! Kila noti, mahali pake.

Nikainuka nikaenda nikasimama kando yake, mgongo ukutani.

Ilikuwepo. Yote. Nzito, ya mviringo, inatembea chini ya gita kama mtu anayejua nyumba hii usiku bila taa. Nikapiga hatua mbili mbele kurudi kwenye kiti changu: imepotea. Hatua mbili nyuma: imerudi. Nimefanya hivyo mara sita, mwaitu ananitazama.

Si spika. Ni kiti changu.

Saa saba usiku, hesabu kwenye bahasha ya bili. Sauti inakwenda mita 343 kwa sekunde. Uzi mnene wa gita la besi ukipigwa wazi unatetema kama mara 41 kwa sekunde. Gawanya: wimbi la mita 8.4. Nusu yake 4.2. Mita 4.2! Ndiyo sebule yangu, ukuta hadi ukuta. Wimbi linakwenda, linagonga ukuta, linarudi, linakutana na lenyewe. Ukutani linajaa. Katikati kabisa linajifuta. Na mimi nilipima kwa uangalifu wote nikaweka kiti changu mita 2.1 kutoka kila upande, nikakaa ndani ya shimo, nikazilaumu Linton siku saba.

Mwaitu ameketi mahali pazuri kuliko pote katika nyumba hii kwa noti ile, na hajawahi kupima kitu.

Jumatano, 13 Novemba

Kichwa kizito lakini nimejaribu kwa haki. KEF pia lazima zipate nafasi ya kiti cha ukutani. Nimemwomba mwaitu ruhusa, nimekaa kwenye kiti chake. Simu ikitoa toni moja moja, mitetemo kwa sekunde: 80, nzuri. 60, ipo. 50, inachoka. 41, kivuli. Nimemwomba akae yeye. Nikacheza santuri. Mkono ukakaa kimya juu ya kiti. "Inaimba vizuri," akasema, akarudi kwenye mawazo yake.

Nikabadilisha. Linton. Noti tatu tu, na kidole kikaanza.

Nimekaa sakafuni. Sauti ya mtu, au besi? Zile ndogo zimemdanganya mtoto kwa koo la susu yake, sitapata tena kitu kama kile kwa pesa hii, nalijua hilo na linaniuma. Lakini koo la mwaitu ninalo uani kila asubuhi. Na mwaitu, katika muziki wote huu, kilichobaki kumfikia ni kile cha chini.

Nimefuta ule ujumbe. Nimempigia kijana wa Syokimau nikamwambia ukweli, na nikamtajia mwalimu mmoja wa Kangundo anayetafuta jozi ndogo kama hiyo. Daktari nimemtumia nusu ya pesa. Nusu ya pili kabla ya safari.

Ijumaa, 15 Novemba

Mama Watoto hajanisemesha kuhusu spika tangu jana. Ameweka maua kwenye chombo, akakitua juu ya Linton ya kushoto. Nimekitoa polepole nikakiweka dirishani, nikamweleza kuhusu maji na mbao. Akasema sawa. Kisha akauliza: "Na zile kanda za kwaya yetu zitasikika?" Nimemwambia alete. Analeta.

Jumamosi, 16 Novemba

Stendi. Fundi wa chuma wa kule nyuma ya soko amenichomea mbili kwa mabomba ya mraba, sentimita 43 kwenda juu, ili twita ifike usawa wa sikio la mtu aliyeketi. Kazi safi, maungio ameyasugua mpaka yakawa laini. Ila ukiligonga bomba linalia kama kengele, na bomba linalolia litaimba pamoja na wimbo. Linataka kujazwa mchanga.

Mchanga wa lori sinunui. Nimeona mito ya huku ilivyochimbwa usiku mpaka ikabaki mwamba mtupu na kina mama wanachimba maji mbali zaidi. Nimekwenda nyumbani, kwenye kijito chetu, nikachota debe moja na nusu mahali ambapo mvua ya wiki iliyopita imeshusha mpya. Nikauchekecha kwa ungo wa mwaitu, kwa ruhusa. Nikaukaanga kwenye karai juu ya moto, mchanga mbichi utalifanya bomba lipate kutu. Unageuza na koleo, mvuke unatoka, rangi inabadilika kutoka kahawia kuwa karibu nyeupe, na chembe zinaanza kumeta. Mtoto amekaa kando anauliza tunapika nini.

Nimeumimina kwa karatasi iliyokunjwa kama faneli, unateremka na mlio kama mvua ya mbali. Kila nikijaza robo nagonga ubavu, ushuke. Ukijaa, ligonge bomba: tup. Basi. Kama kugonga gunia.

Jumapili, 17 Novemba

Zimesimama. Sentimita 60 kutoka ukutani, zimegeuzwa kidogo kutazama ukuta wa dirisha. Alama nimechora kwa penseli kwenye vigae. Kile kifua cha ziada bado kipo, chembe. Nitakizoea au nitazisogeza spika.

Kiti changu kimehama. Kiko kando ya cha mwaitu, vyote viwili vimeegemea ukuta, kati yetu nafasi ya vikombe viwili. Mama Watoto amecheza kanda ya kwaya yao kwanza, amesimama mlangoni, akasikia sauti yake mwenyewe kwenye safu ya alto, ya tatu kutoka kushoto. Akaketi.

Jioni tumebaki wawili, mimi na mwaitu. Mvua haijaja, mabati kimya. Nimeshusha sindano. Gita, sauti, ngoma. Noti ya chini imetoka sakafuni ikapanda kwenye mbao za kiti, nikaihisi mgongoni, na nikaona kidole chake kimeanza kabla ya changu.

Sindano ikafika mwisho wa upande, ule mkwaruzo. Nimekaa tu.

"Geuza," mwaitu akasema. "Haijaisha, kuna upande wa pili."

Nikainuka nikageuza.